Saa ya Uso wa Kijani

Mwanda, 10 Februari 2025

Wakesho mwanangu,

Bwana asifiwe. Huku kwetu tuko wazima, ila baridi imekataa kuondoka. Goti la anti yako Teresia linamuuma akiteremka bondeni lakini akipanda halimuumi, kwa hiyo ameamua kwamba kuteremka ni kazi yangu. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mama yako alipita hapa Jumapili, akala kimanga cha muhogo na maharagwe, akalalamika kwamba hupigi simu, akaenda.

Najua unacheka kuona barua katika zama hizi. Lakini unajua hapa mtandao unashika pale tu kwenye mwamba wa kanisa, na ukisimama pale kusema siri, kwaya nzima inaisikia. Mwaka jana nilikuambia pale habari ya jino langu la bandia, na kabla ya Ijumaa nikapewa pole na mtu wa Wundanyi nisiyemjua. Barua inateremka na gari la Proboksi hadi Voi, inapanda basi, na njiani haimwambii mtu.

Habari kubwa ni kwamba tumeenda Voi kwa mzee Kimeu, yule mstaafu wa reli, kumposea kijana wangu Sylus binti yake Nzembi, nesi. Tulichelewa kidogo, si jambo la kuandika. Mazungumzo yalikwenda vizuri, mbuzi walikubaliwa na mablanketi yalikubaliwa. Mwisho mzee Kimeu akataja kitu kimoja cha ziada, nami nikasimama mbele ya watu wote nikasema atakipata. Kikifika, tarehe ya harusi itatajwa. Kisipofika, sitaki hata kufikiria. Ndugu yako anampenda yule msichana mpaka mshipi wake umeongezwa tundu.

Sasa nije kwa jambo lingine kabisa, lisilohusiana na hilo hata kidogo. Nataka kununua saa.

Nimekutilia hapa picha kutoka gazetini. Ni ya Uswisi, ya chuma, uso wake kijani. Nimeambiwa ni duka lenu tu lenye kibali cha wenye kiwanda. Pesa isikusumbue, kile kiwanja cha Voi kimepata mteja. Na kwa kuwa sisi tuna mtoto ndani ya duka, nadhani ni suala la kuinua mkono na kuishusha kwenye rafu.

Mjomba wako,
Donald Mwakio


Nairobi, 26 Februari 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa baridi, na umwambie Anti apake ile dawa niliyoleta Krismasi, asiiweke kabatini kwa ajili ya wageni. Mimi niko salama. Nyumba niliyohamia ina maji siku tatu kwa wiki, na siku hizo ndizo ninazokuwa kazini. Mama nimeshampigia. Hongera kwa ndama, na hongera zaidi kwa posa ya Sylus.

Mjomba, kuhusu saa nitakueleza polepole, usinikasirikie. Hiyo uliyoituma ndiyo kila mtu anaitaka. Kiwanda kinatuletea chache sana kwa mwaka, na wanaozitaka wangejaza kanisa lenu na uwanja wake. Zile unazoona kwenye kioo ni za kuonyeshwa tu, haziuzwi. Mtu akija kununua anaandikwa jina, anaenda nyumbani, anangoja. Wengine wanangoja miezi, wengine miaka.

Na foleni yenyewe haiendi kwa aliyetangulia. Meneja wetu ndiye anayechagua, na yeye ni kama mzee mwenye binti. Ukimwekea pesa mezani kabla ya salamu, anakuona mlanguzi. Anachoogopa ni mtu atakayeichukua leo na kesho aiuze mtaani kwa bei mara mbili. Kwa hiyo anapenda mtu anayekuja mwenyewe, anayejulikana, anayemwambia ukweli kwa nini anaitaka na ataivaa wapi. Wapo wanaoanza kwa kununua saa zingine wasizozipenda ili wapendwe. Usifanye hivyo, haisaidii kila mara na utabaki na saa mbili za huzuni. Chagua duka moja na uzungumze na mtu mmoja. Usiombe kupunguziwa. Na simu yako iwe inapatikana, kwa sababu wakipiga usipopokea, wanampigia anayefuata.

Naomba kuuliza mambo mawili. Ni kiwanja kipi hicho kilichopata mteja? Si kile ulichosema Sylus atajenga akioa? Na hicho kitu cha ziada cha mzee Kimeu ni kitu gani?

Mpwa wako,
Wakesho


Mwanda, 8 Machi 2025

Wakesho mwanangu,

Salamu nyingi. Mvua imeanza kunusa lakini haijanyesha. Ndama tumemwita Nairobi kwa sababu anakula na hashukuru.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Yaani saa iko, naiona, pesa ninayo, na naambiwa haipo. Hata muuza mitumba wa Voi akikosa saizi yako anakutafutia kwa jirani. Halafu mtoto wa dada yangu, niliyembeba begani kumvusha mto akienda shule, ananiambia nipange foleni na watu wa Nairobi. Haya basi. Mzee mwenye binti ninajua namna ya kumwendea. Nimewaposea vijana wanne wa ukoo huu na hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Mtu mmoja wa Voi ameniambia anaweza kunipatia hiyo saa wiki hii, bila foleni, kutoka kwenye buti la gari. Nilipomuuliza karatasi zake akasema karatasi ni za watu wasioaminiana. Nimemwacha.

Umeniuliza kuhusu kiwanja. Anti yako anakusalimu sana. Umeniuliza pia kuhusu mzee Kimeu. Goti lake linaendelea vizuri, la anti yako.

Mjomba


Nairobi, 3 Aprili 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na shingo imepona safari. Mama ameniambia kwamba kanisa zima limeshasikia ulipanda lifti na kushuka mara tatu bila sababu.

Mjomba, ungenitumia hata neno moja. Niliinua macho nikaona koti lako la mazishi linaingia mlangoni, gunia la avokado begani, na mkono mwingine umemshika jogoo miguu. Mlinzi hakujua amzuie nani kwanza. Ukampita, ukamwendea meneja moja kwa moja, ukamwambia huyu msichana ni mtoto wetu na hatujaja mikono mitupu kwa sababu kwetu nyumba ya watu haiingiwi hivyo. Kisha ukauliza bei ya mwisho. Mama mmoja aliyekuwa anajaribu mkufu alilazimika kukaa.

Nilijua kazi imeisha. Lakini meneja akavuta kiti, akakuuliza ungeivaa wapi. Watu wote wanamwambia ofisini, au kwenye sherehe. Wewe ukasema, nikikamua. Akauliza kama haitaharibika na maziwa. Ukamjibu kwamba kama saa inaweza kuzama baharini kama mnavyoandika, na haiwezi ndoo ya maziwa, basi kuna mtu anadanganya. Nimefanya kazi na yule mzee miaka mitatu na sikujua ana meno ya nyuma. Alicheka, akachukua kalamu, akaandika jina lako. Avokado alibeba mwenyewe mpaka kwa gari. Jogoo bado yuko kwangu, anawika kabla hata ya msikiti.

Sasa nakuomba unisikilize. Kabla hujatoka alikuuliza kama saa ni ya mkono wako mwenyewe. Ukaangalia dari, ukasema, "Mkono ninao." Hilo si jibu, Mjomba. Baadaye aliniita akaniambia kwamba wewe ni mtu wangu na mimi ndiye niliyesimama kwa ajili yako. Saa hiyo ikionekana kwenye mkono mwingine, mimi ndiye nitakayeitwa. Nami ninaipenda kazi hii. Kwa hiyo kama kuna jambo, niambie sasa, niko tayari kulisikia.

Mpwa wako,
Wakesho


Mwanda, 27 Aprili 2025

Wakesho mwanangu,

Heri ya Pasaka iliyopita. Mvua imenyesha mpaka njia ya kwetu imebebwa, ndiyo maana barua imechelewa. Mahindi yamesimama vizuri.

Hakuna jambo.

Tangu nirudi ninakaa na simu pale kwenye mwamba wa kanisa kila siku mpaka chakula cha mchana, isipokuwa Alhamisi ninapowateremsha ng'ombe bondeni kuoshwa kupe. Padre amenipa mkono mbele ya waumini, akisema mzee Donald sasa anatuonyesha mfano wa sala. Sikumkatalia. Nimewekwa kwenye kamati mbili.

Sylus alikuja mwisho wa wiki. Alikaa akamenya ndizi moja kwa muda ambao mtu angepika mkungu. Nilimwambia avumilie, mambo makubwa yanataka subira, akaniuliza, "Baba, tunangoja nini?" Nikamwambia tunangoja. Yule mteja wa kiwanja naye amekuja mara mbili, nimemwambia angoje pia. Sasa naona kila mtu anamngoja mtu hapa, na mwisho wa foleni amekaa meneja wako anakula avokado zangu.

Msukume kidogo.

Mjomba


Nairobi, 30 Juni 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi miwili, kazi ilikuwa nyingi. Jogoo nilimpa mwenye nyumba badala ya kufukuzwa. Mdogo wangu amefaulu mitihani yake ya chuo.

Nina habari ambayo haitakufurahisha. Saa moja ya uso wa kijani ilifika wiki mbili zilizopita, na meneja alisema apigiwe mzee wa maziwa. Mimi ndiye niliyepiga. Simu haikuingia. Sheria ni kwamba mtu akikosekana siku hiyo, inakwenda kwa anayefuata, nayo ilikwenda. Jina lako bado lipo.

Pole sana. Wasalimie wote, na zaidi Sylus.

Wakesho


Mwanda, 9 Julai 2025

Wakesho,

Nimekaa kwenye ule mwamba mpaka suruali imetoboka. Siku gani hiyo simu haikuingia?

Donald Mwakio


Nairobi, 19 Julai 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na ninaandika hivyo nikiwa nimepiga goti kweli.

Ilikuwa Alhamisi. Niliipiga asubuhi, nikijua uko bondeni na ng'ombe. Nililia mara moja, baada ya kuikata ile simu.

Mei Nzembi alinipigia. Najua saa ni ya nani, na nilianza kujua ulipoangalia dari. Sikuweza kukwambia hapana. Wewe ndiye uliyenivusha mto, nitakukatalia kwa mdomo upi? Kwa hiyo nilifanya kama wazee wanavyofanya wasipotaka kutoa binti. Wanasema tumesikia, nendeni mkalale, tutawaita. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, na kumbe wewe hukuwa unasema kwa mtu yeyote.

Nakuambia sasa alichonieleza Nzembi, kwa sababu hakuna muda tena. Mlisema mtafika saa nne asubuhi. Mlifika saa nane. Chai ilipashwa moto mpaka ikawa dawa. Mzee Kimeu amefanya kazi reli maisha yake yote, mtu wa namna hiyo ukimchelewesha ni kama umemtukana mama yake, lakini hakutaka kuharibu siku. Ndipo akachukua gazeti lililokuwa mezani, akaonyesha ile picha, akasema mbuzi wameonekana, sasa watu wa Mwanda waniletee na hii ili nijue wamejifunza kusoma saa. Ulikuwa mzaha, Mjomba. Nzembi anasema nyumba nzima ilicheka isipokuwa wewe. Wewe ulisimama ukasema, "Utaipata."

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Mwanda aliyegonga mlango wao. Kila jioni mzee anauliza kama kuna neno. Anaamini mlikasirishwa na utani wake na mmemkataa binti yake. Na Nzembi ana barua ya kazi kutoka hospitali ya ng'ambo, anatakiwa kujibu kabla Agosti haijaisha. Amemwambia Sylus, Sylus amemwambia tumngojee Baba. Yule mtoto anakuheshimu mpaka atampoteza mke.

Ulivyokaa na meneja wangu, kakae hivyo na mzee Kimeu. Nenda mwenyewe. Usitaje saa wala mbuzi. Kaa, unywe chai, mwache akujue. Na kiwanja kile usikiuze, nakuomba kwa jina la marehemu Babu.

Ukiona nimekukosea, nitakuja Mwanda nikuombe radhi mbele ya ukoo.

Wakesho


Mwanda, 16 Agosti 2025

Wakesho mwanangu,

Bwana asifiwe milele. Goti la anti yako limepona kabisa, utaona kwa nini. Ndama Nairobi ameanza kushukuru.

Barua yako niliisoma nikaitia mfukoni, nikaenda kulima. Nililima mpaka mstari wa jirani. Mwanzo nilikuwa na hasira na wewe, nikaichimba ikaisha. Halafu nikamkasirikia Kimeu, ikaisha. Nilipofika kwangu mwenyewe jembe likavunjika mpini. Miezi sita mtoto wangu anakonda kwa sababu mimi sikuelewa mzaha. Niliona haya, Wakesho. Anti yako nilipomsomea alisema yeye pia alicheka siku ile, alidhani nami ninaendeleza utani.

Jumapili tuliteremka na Proboksi ya kwanza. Kwa hofu ya kuchelewa tulifika mapema mno. Mzee Kimeu alikuwa bombani na fulana, mswaki mdomoni. Alitutazama, akatazama mkono wake, akatutazama tena. Kisha alitufungulia geti na povu lake mdomoni.

Nilikaa. Nilikunywa chai, nayo safari hii ilikuwa chai. Nilimuuliza habari za reli, akanieleza za gari moshi la usiku na mabehewa ya mkonge na tembo aliyelala kwenye reli karibu na Maungu mpaka abiria wakashuka kumwimbia. Sikutaja saa. Vikombe vitatu vilipita. Mwishowe yeye mwenyewe akaweka kikombe chini, akauliza kwa upole kama mtu anayeuliza habari ya msiba: "Mkwe, maneno yangu yale yaliwaudhi?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia niliifuata ile saa mpaka Nairobi, nimepangwa foleni.

Akaniuliza kama ni kweli nilikwenda. Nikamweleza yote, gunia, jogoo, bei ya mwisho, na mwamba wa kanisa. Wakesho, yule mzee alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni mbio akidhani amesakamwa na mandazi. Nzembi alikuwa mlangoni anafuta macho kwa kanga, sikujua ni kicheko au nini. Kisha Kimeu akatulia, akanishika bega.

"Mtu aliyepanga foleni miezi sita kwa ajili ya mzaha wangu," akasema, "binti yangu hatakosa kitu kwake."

Halafu akafungua mkanda wa saa mkononi mwake. Ana saa moja aliyonunua akiwa kijana wa reli, kioo kimekwaruzika, mkanda umeshonwa na fundi viatu. Akanifunga mwenyewe mkononi, akasema, "Lakini anayehitaji saa hapa ni wewe."

Nilisema chawucha, asante ya kwetu, na yeye Mkamba akaelewa.

Kiwanja sikukiuza. Mchana ule tulikwenda kukitazama sisi wote, na mimi na Kimeu tukagombana vizuri sana kuhusu upande wa mlango. Nzembi ameshawajibu wale wa ng'ambo kwamba haendi. Harusi ni Desemba, Jumamosi ya pili, saa nne kamili, na mzee amesema saa nne na dakika moja geti linafungwa hata kama aliye nje ni bwana harusi. Anti yako ameteremka Voi mara tatu tangu siku hiyo kwa ajili ya vitambaa, wala hataji goti.

Kuhusu ile Alhamisi, usije kuniomba radhi. Njoo kula. Ulinikatalia kwa adabu kuliko nilivyowahi kukataliwa na mzee yeyote mwenye binti. Mwambie meneja jina langu alifute, saa ampe anayefuata, na avokado akimaliza aseme. Akitaka kujua nilinunua wapi yangu, mwambie nimeipata kwa mwenye kibali.

Mjomba wako akupendaye,
Donald Mwakio

Nimesahau kitu. Hii saa inachelewa. Nimeilinganisha na redio siku tano, na kila siku inarudi nyuma karibu robo saa. Usimwambie mtu, na zaidi usimwambie Kimeu.